Nani Atamtaja Shangazi?

Familia nitakayoiweka hapa ukumbini ni ya kutunga, lakini hoja zao ni za kusikika. Zinasikika kila Desemba mkoani Kilimanjaro, Wachaga wanaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, wakayakuta makaburi ya wazazi humo humo kihambani, kati ya migomba na mibuni, yakisubiri kufagiliwa. Mlima huo madhehebu yaliugawana mapema. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipanda kutoka pwani wakaanzisha misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walutheri wa Leipzig wakaanza Machame mwaka 1893. Wasabato wakaingilia upande wa Upare, Mamba Giti, mwaka 1903. Kwa muda mrefu ukitajiwa kijiji cha mtu ulijua na kanisa lake. Ndoa na ajira ndizo zilizovuruga ramani hiyo, na leo tumbo moja linaweza kuzaa makanisa matatu.

Tumbo la mama wa hawa lilizaa matatu. Amefariki, na mwaka unakaribia kutimia. Kaburi limeshajengewa na vigae vimeshabandikwa, kwa rangi aliyoichagua Kaka na ambayo Dada hajaisamehe. Kinachowakutanisha ni siku yenyewe ya kumbukumbu. KAKA ni mzee wa kanisa katika KKKT. DADA aliolewa Rombo, akawa Mkatoliki. MDOGO alipata kazi Same, akaoa huko, akabatizwa upya kwa maji mengi, akawa Msabato. BINTI ni mtoto wa Dada, mwalimu wa historia, ambaye kanisani huonekana Krismasi na kwenye misiba. SHANGAZI ni dada wa marehemu baba yao, amevuka miaka 80, Mlutheri tangu utotoni, hakujaliwa mtoto. Chai iko mezani. Mbege iko jikoni, na kila mtu anajua.

DADA: Mimi nimeshaongea na paroko. Misa itasomwa hapa hapa nyumbani, tumwombee Mama, kisha watu wale. Nia nimeshaiandikisha.

KAKA: Umeiandikisha bila kutuuliza. Mama alikufa Mlutheri, mchungaji akamzika kwa matumaini kamili mbele ya kijiji kizima. Leo akija padri kumwombea, majirani wataelewa nini? Kwamba yale tuliyosema kaburini hatukuyaamini?

DADA: Wataelewa kwamba ana binti Mkatoliki.

KAKA: Kumshukuru Mungu kwa maisha yake, sawa, hata kwaya nitaileta. Kumwombea, hapana. Mwendo ameumaliza. Alichomfanyia Kristo kinatosha, hakina upungufu wa kujaziwa na sisi. Hayo ya kujazia ndiyo yaliyomfanya Luther aandike hoja zake 95 mwaka 1517. Watu walikuwa wanauziwa vyeti ili ndugu zao wafupishiwe toharani.

DADA: Mimi sijauziwa cheti na mtu.

MDOGO: Na bahasha uliyopeleka pamoja na nia ilikuwa tupu?

DADA: Ile ni sadaka. Wewe usinichokoze, zaka yako unaihesabu hadi senti. Nisikilize, Kaka. Mama alipokuwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, wewe ndiye uliyetupigia simu wote: tumwombee. Jumatatu usiku tukamwombea. Jumanne alfajiri akafa. Jumatano ukaniambia nikimwombea namkosea Mungu. Kilichokatika kati ya Jumatatu na Jumatano ni nini? Mapenzi yangu kwake hayakukatika. Mungu ni yule yule. Yuda Mmakabayo alichanga fedha akazipeleka Yerusalemu kwa ajili ya askari wake waliokufa, kwa sababu alitarajia watafufuka. Asingetarajia hivyo, angehangaika ya nini?

KAKA: Kilichokatika ni nafasi ya yeye kuchagua. Msome tajiri na Lazaro, lile shimo halivukwi. Na Makabayo kwenye Biblia yangu hakimo.

BINTI: Kwenye ya Luther kilikuwamo, Mjomba. Biblia yake kamili ya mwaka 1534 inavyo vitabu hivyo. Alivitenga katikati ya maagano mawili, akasema havilingani na Maandiko lakini kuvisoma kuna faida.

Kaka angeshangaa zaidi kama angevifungua vitabu vya maungamo ya kanisa lake. Utetezi wa Ungamo la Augsburg, ulioandikwa na Melanchthon na kutolewa mwaka 1531, unakiri kwamba Wakristo wa kale waliwaombea wafu, na unasema wazi kwamba Walutheri hawalikatazi jambo hilo. Walichokikataa ni misa kugeuzwa malipo. Kumwombea marehemu kwa sababu unampenda ni jambo moja. Kumlipia deni ni jingine. Katika karne zilizofuata watu wengi waliitupa sala pamoja na biashara iliyokuwa imeipanda mgongoni, halafu wakabaki wanaitafuta. Mwaka 1816, vita vya Napoleon vilipokwisha kujaza makaburi Ulaya nzima, Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliamuru makanisa ya Kiprotestanti yawe na Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, ya mwisho kabla ya Majilio, na Ujerumani wanaishika hadi leo. Mjane wa Kilutheri alihitaji siku kama mjane wa Kikatoliki.

Upande wa pili nao una madeni yake. Toharani imehubiriwa mno kama mahabusu, na familia zikaachwa zinahesabu misa kama wanaofuatilia dhamana. Benedikto wa 16, katika waraka wake Spe salvi wa mwaka 2007, aliuelekea moto huo kwa njia nyingine, akaukubali mtazamo kwamba unaounguza na kuokoa ni Kristo mwenyewe anapokutana na mtu uso kwa uso. Tafakari hiyo haijafika vigangoni. Huko bado wanahesabu.

MDOGO: Nyie wawili mnagombania anwani. Huyu anasema Mama yuko mbinguni, huyu anasema yuko njiani. Mimi nasema Mama hayuko mahali popote pa kutumiwa kitu. Amelala. Mhubiri anasema wafu hawajui neno lolote. Lazaro wa Bethania alikaa kaburini siku nne. Alipotoka, kuna mtu aliyemsikia akisimulia mbinguni kulivyo? Hakusimulia, kwa sababu hakukuwa na cha kusimulia. Alilala, akaitwa, akaamka.

DADA: Na Musa na Eliya waliotokea mlimani wakazungumza na Yesu?

MDOGO: Eliya hakuonja mauti. Musa alifufuliwa, soma Yuda, Mikaeli alishindania mwili wake. Dada, siku ya mazishi mchungaji wa Kaka alisema Mama anatuchungulia kutoka dirisha la mbinguni. Mimi nilikuwa nimeshika koleo, nikanyamaza. Lakini kama anachungulia, basi ameona tulivyogombana kuhusu kiwanja cha Himo wiki mbili tu baada ya kumzika. Amemwona mjukuu wake akipigwa na mumewe. Anaona, na hawezi kushuka hata kumshika mkono. Hiyo ndiyo pepo mnayomtakia?

DADA: Mdogo wangu, unaongea kama hukumlilia.

MDOGO: Nilimlilia kuliko wote. Ndiyo maana nataka apumzike kweli.

Kuhusu hali ya waliokufa sikubaliani na Mdogo, lakini pigo lake limempata mtu. Maneno yetu ya msibani yamezoea njia fupi: roho imetoka, imepaa, Mungu ailaze mahali pema peponi, amina, gari la jeneza liko wapi. Mwili umebaki kuwa mzigo wa kusitiriwa. Mtu akisikiliza mazishi yetu kwa mara ya kwanza atadhani Ukristo unafundisha kwamba binadamu ni ndege aliyefungiwa. Mwaka 1955, mtaalamu wa Agano Jipya Oscar Cullmann alitoa mhadhara Chuo Kikuu cha Harvard akidai kwamba wazo la roho isiyokufa kwa asili yake ni la Wagiriki, na kwamba tumaini la mitume lilikuwa ufufuko wa wafu. Barua za kumlaumu zilimiminika, nyingi kutoka kwa waumini wema. Alizidisha kuzitenga Athene na Yerusalemu, na ndiyo maana wengi wamemrekebisha tangu hapo. Hata hivyo uzito wa Agano Jipya uko pale alipouonyesha. Paulo anaitumia sura nzima ya kumi na tano ya barua ya kwanza kwa Wakorintho kubishania miili itakayoinuka. Swali la marehemu wako wapi leo mchana analigusa mara chache tu, kwa maneno machache, kama vile kwamba wako pamoja na Kristo. Hilo lilimtosha. Sisi ndio lisilotutosha.

BINTI: Na mwili wenyewe ukiwa vipande? Livingstone alikufa kwa Chitambo mwaka 1873. Watumishi wake, Susi na Chuma, wakauzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba hadi Bagamoyo, ukaishia Westminster Abbey. Atafufukia wapi, Zambia au London?

MDOGO: Aliyemfinyanga Adamu kwa mavumbi hatashindwa na moyo wa Mzungu.

BINTI: Sawa. Mimi lakini siwezi kusema naamini kama ninyi. Ninachotaka ni kumkumbuka Bibi. Nina sauti yake kwenye simu, jumbe alizokuwa ananitumia akilalamika kuku wa jirani wameingia kwenye mahindi. Nazisikiliza. Hiyo inanitosha kuliko misa na kuliko kwaya.

KAKA: Simu ikiibiwa?

BINTI: Nimeshanakili mahali pengine, Mjomba. Lakini swali lako ni zuri kuliko ulivyokusudia. Kulikuwa na mwanatheolojia wa Kenya, John Mbiti, padri wa Kianglikana aliyetoka Ukambani. Mwaka 1969 alitoa kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Anasema aliyekufa hajaisha maadamu wapo waliomjua kwa sura na kumtaja kwa jina. Huyo ni maiti anayeishi, bado ni mmoja wa ukoo. Hali hiyo huendelea vizazi vinne au vitano. Akifa mtu wa mwisho aliyemjua, marehemu anapoteza jina, anazama kwenye kundi la mizimu isiyojulikana. Nikimsoma Mbiti najiuliza: sauti ya Bibi itabaki kwenye mashine miaka 200. Kitukuu wa kitukuu wangu ataisikia akilalamika kuku. Atakuwa anamkumbuka?

SHANGAZI: Atakuwa anamsikia kikongwe asiyemjua akilalamika kuku wasiomhusu.

Wasomi hawakumwachia Mbiti njia nyeupe. Okot p'Bitek wa Uganda aliwashambulia yeye na wenzake kwa kuivika miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki ili ikubalike kwa Wakristo, na wengine walikataa hesabu zake za wakati wa Kiafrika. Lakini kuhusu kumbukumbu yenye mwisho aliona sawasawa, na mtu yeyote anaweza kujipima. Taja babu wa babu yako wa upande wa mama. Wengi wetu tunakwama hapo.

SHANGAZI: Mmemaliza? Na mimi nina langu. Nataka sale lipandwe upya pale kaburini, lile la mwanzo fundi wa vigae alilikanyaga. Na mbege kidogo imwagwe. Mama yenu alikuwa anaipenda.

KAKA: Shangazi, kwa heshima yako. Mbele ya mchungaji? Hayo ni matambiko.

SHANGAZI: Mwaka jana ulipokosana na jirani kuhusu mpaka ulikwenda kumwomba radhi umeshika nini mkononi?

KAKA: Sale.

SHANGAZI: Mchungaji alikukemea?

KAKA: Ile ilikuwa kwa mtu aliye hai, Shangazi.

BINTI: Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyekaa Old Moshi hadi 1938, alijaza vitabu kwa desturi za Wachaga na kutaka kanisa lisimee nje ya ukoo na ujirani. Yeye asingeliogopa jani.

DADA: Kuhusu chakula kaburini, hata Mtakatifu Monika alifanya. Alikuwa Mwafrika wa kaskazini, wa Thagaste, huko Algeria ya leo. Kwao alizoea kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Alipomfuata mwanawe Augustino hadi Milano, bawabu akamzuia mlangoni: Askofu Ambrosi amekataza, maana watu wanalewa, na inafanana mno na sikukuu za wapagani za kuwalisha wafu. Monika akatii, chakula akaanza kuwapa maskini.

KAKA: Umeona? Akatii.

DADA: Alitii kuhusu uji. Kuhusu kukumbukwa hakuacha. Mwaka 387 akaugulia Ostia wakiwa njiani kurudi Afrika. Kaburi alikuwa ameshaliandaa nyumbani, kando ya mumewe. Mwanawe mmoja, Navigius, alitamani asife ugenini, kama sisi tunavyochangishana kumsafirisha mtu kutoka Dar. Mama akamtupia jicho la kumkanya. Akawaambia mwili wauzike popote, asiwasumbue. Aliloomba ni wamkumbuke tu kwenye altare ya Bwana. Na Augustino alipoandika Maungamo yake akawaomba wasomaji wamkumbuke mama yake na baba yake pia. Ndiyo maana hadi leo tunamtaja, miaka zaidi ya 1,600.

SHANGAZI: Huyo alikuwa na mtoto.

Hakuna aliyejibu mara moja. Shangazi hakuwa analaumu, alikuwa anasema jambo linalojulikana.

SHANGAZI: Bibi yangu alitusimulia. Zamani mtu mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba yake. Muda ukipita wanamfukua, fuvu linahamishiwa kwenye migomba, kwenye masale, na hapo ndipo watoto wanamchinjia na kusema naye. Asiye na mtoto hakufanyiwa hivyo. Nani amfukue? Alipelekwa porini, wakamalizana naye. Wamisionari walipokuja wakasema sasa wote wanazikwa sawa, na mimi nilipolisikia neno hilo nikiwa msichana, nililipenda. Nikaolewa, sikuzaa, nikarudi nyumbani. Sasa nawasikiliza. Huyu anataka misa kwa mama yake. Huyu kwaya kwa mama yake. Huyu ana sauti ya bibi yake kwenye simu. Mimi nikifa, mtanizika vizuri, hilo najua, nyie ni watoto wema. Mwaka wa kwanza mtanitaja. Wa tano? Na kuna mdogo wangu wa kike aliyenifuata. Alikufa mchanga kabla hajabatizwa, kaburi lake lilikuwa pale lilipo zizi la nguruwe. Aliyebaki anayemjua ni mimi peke yangu.

DADA: Shangazi, Kanisa linawaombea wote. Tarehe 2 Novemba, Marehemu Wote, kila mwaka, dunia nzima. Odilo, abati wa Cluny huko Ufaransa, aliianzisha siku hiyo kwenye monasteri zake miaka elfu moja iliyopita, hasa kwa ajili ya wafu wote bila kubagua.

SHANGAZI: Kwa hiyo mimi nitakuwa kwenye hao "wote". Binti yangu, ukialika "wote" kwenye harusi, nani anawekewa kiti?

DADA: Basi nitakuandika kwa jina. Kila Novemba.

SHANGAZI: Na wewe ukifa?

KAKA: Jina lako, Shangazi, limeandikwa kwenye kitabu cha uzima. Hilo halimtegemei mtu.

SHANGAZI: Na la yule mchanga? Hakuwa na jina la kuandikwa. Mchungaji wa wakati ule hakuja hata kumzika.

Hapa Kaka alinyamaza. Dada aliliokoa kidogo kanisa lake kwa kusema kwamba siku hizi Wakatoliki hawafundishi tena kwamba watoto hao wamefungiwa nje. Na kweli, mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Kitheolojia ya Vatikani ilitoa andiko kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto wafao bila ubatizo wanaokolewa. Shangazi alimwuliza ilikuwaje wazo hilo likachelewa hivyo, na mama yake alikufa akiamini vingine.

MDOGO: Shangazi, nijaribu na mimi. Najua siku zote naonekana kama nimekuja kuzima taa. Mimi siamini kwamba kuna anayekungojea mlangoni siku utakapokufa. Utalala. Lakini usingizi huo hauna saa ya ukutani. Mwaka mmoja au elfu, kwako ni kufumba na kufumbua, na sauti utakayoisikia baada ya hapo ni ya Yesu akikuita. Katikati hapo hakuna muda wa wewe kusahaulika. Awe yupo wa kukutaja au hayupo, wewe hupungukiwi kitu. Na yule mchanga vivyo hivyo. Mama aliyezaa saba na Shangazi asiyezaa wanaamshwa kwa namna moja, saa moja. Hakuna anayefufuliwa na watoto wake.

SHANGAZI: Hilo ni zuri. La ajabu ni kwamba limesemwa na wewe usiyetaka tumtaje mtu.

MDOGO: Sikusema tusimtaje. Nimesema tusimtaje kana kwamba anatungojea tufanye kazi.

Kwangu mimi mjadala uliokuwa ukizunguka ulifika hapa. Tunabishana wafu wako wapi kwa sababu ni rahisi kuliko kukiri kwamba kumbukumbu yetu ina upendeleo. Inawafuata waliozaa, waliokuwa na kihamba, waliojengewa vigae. Makanisa yenyewe yameurithi upendeleo huo na mara nyingine kuuongezea masharti: ziko familia zilizoambiwa marehemu wao hatazikwa na kanisa kwa kuwa hakuhudhuria jumuiya au hakumaliza michango, na aliyezungumza hivyo alikuwa anasoma daftari. Kama tumaini la Kikristo linarudia tu kile ambacho ukoo tayari unakifanya, yaani kuwatunza wenye watu, basi halijaongeza kitu, na Mbiti angekuwa amemaliza habari: vizazi vinne, vitano, halafu giza la wasio na majina.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, ikiwa imepakia kupita uwezo wake. Mamia ya watu walikufa. Wengi walibaki ndani ya ziwa, na kati ya walioopolewa wapo waliozikwa bila mtu kuwatambua. Orodha ya abiria ilikuwa na mapengo, kwa hiyo hata kusema nani hasa alikufa haikuwezekana kikamilifu. Kila Mei ibada hufanyika. Mhubiri anayesimama hapo hana jeneza la kugusa, na kwa baadhi ya wafu hana hata jina. Mtu akitaka kujua kanisa linaamini nini hasa kuhusu uzima wa milele, asikilize ibada ya namna hiyo kuliko mazishi ya waziri. Pale maneno ya "tutamkumbuka daima" hayana nguvu, maana hakuna wa kukumbukwa kwa sura. Linabaki dai moja tu, zito na lisilothibitika kwa mkono: kwamba aliyewaumba anawajua mmoja mmoja, na kwamba kumbukumbu yake, tofauti na yetu, inaweza kuinua mtu kutoka chini ya maji. Yesu alipobishana na Masadukayo waliokana ufufuko hakuleta hoja ya roho isiyokufa. Aliwakumbusha kwamba Mungu anajiita Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na kwamba yeye si Mungu wa wafu bali wa walio hai, kwa kuwa kwake wote wako hai.

Ukilishika dai hilo, kumwombea marehemu hakuwi tena kusukuma faili lake. Ni kusema jina la mtu mbele ya yule anayelijua tayari, kwa sababu umeshindwa kuacha kumpenda. Kaka anaweza kuliita shukrani, Dada sala, Mdogo tumaini la asubuhi ile. Wanatofautiana kweli, siwezi kuwapatanisha kwa kalamu. Lakini jibu la Shangazi lilihitaji vipande kutoka kwa wote watatu, na wa kwanza kuligundua hilo alikuwa Binti, asiyeamini kwa uhakika.

BINTI: Bibi, yule mchanga nyumbani mlikuwa mnamwitaje?

SHANGAZI: Mama alikuwa anamwita kwa jina la shangazi yake. Kwa sauti ya chini, baba asisikie, kwa sababu mtoto hakuwa ameandikwa kanisani.

BINTI: Mama, ipo nafasi kwenye nia?

DADA: Ipo. Paroko ananipa mistari mitatu.

KAKA: Mchungaji pia naweza kumwomba alisome kabla ya kwaya. Kwenye shukrani.

SHANGAZI: Na sale?

KAKA: Sale lipandwe. Mbege ibaki jikoni.

SHANGAZI: Itabaki. Jikoni si mbali na kaburi.

DADA: Basi tupange siku. Paroko ana nafasi Jumamosi.

MDOGO: Jumamosi siji, mnajua.

KAKA: Jumapili mimi sitoki kanisani kabla ya saa saba.

SHANGAZI: Mama yenu alikufa siku gani?

BINTI: Jumanne.

SHANGAZI: Iwe Jumanne.

DADA: Shangazi, Jumanne watu wako kazini.

SHANGAZI: Waombe ruhusa. Walipoitwa kwenye harusi ya Moshi mjini si waliomba?

MDOGO: Jumanne nakuja. Ila kwenye sala ya kumwombea Mama sitasimama.

DADA: Utakaa.